Nafsi ya Tatu katika Ushuhuda: Lugha ya Wokovu na Kipimo cha Imani ya Kweli

Ikisiri

Ushuhuda wa wokovu ni kipera cha masimulizi kinachosikika kila wiki katika makanisa ya Afrika Mashariki. Makala haya yanauchunguza kama utungo wa Kiswahili wenye muundo, fomula na sarufi yake, kwa lengo la kujibu swali moja: je, lugha ya ushuhuda inaweza kutusaidia kutofautisha imani ya Kikristo iliyo hai na ile iliyozimuliwa? Hoja kuu ni kwamba tofauti hiyo haionekani katika msamiati, kwa kuwa pande zote mbili hutumia maneno yaleyale. Inaonekana katika nafsi. Ushuhuda wa uamsho wa karne ya 20 ulikuwa na nafsi tatu: msimulizi, Mungu na jirani aliyekosewa. Ushuhuda wa injili ya mafanikio humwondoa jirani na kuweka mali mahali pake. Hoja hii inapimwa pia kwa tamthilia ya Nitaolewa Nikipenda.

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani walipokuwa wakigombea kupita juu ya mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Miaka mitatu baadaye, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilizidi 400, ikihusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa. Matukio hayo mawili hayafanani kwa chanzo wala kwa ukubwa. Hata hivyo, yalilitoa swali la imani ya kweli na imani ya bandia madhabahuni, yakaliingiza katika mazungumzo ya sokoni, katika kamati na katika mahakama.

Mhakiki wa fasihi hana mamlaka ya kuamua nani ameokoka na nani hajaokoka. Hukumu hiyo, kwa mafundisho ya Ukristo wenyewe, si ya mwanadamu. Analo jambo dogo zaidi ambalo anaweza kulifanya kwa uhakika, nalo ni kusikiliza jinsi waumini wanavyoisimulia imani yao, na kuuliza masimulizi hayo yanamtaja nani, yanamnyamazia nani, na yanamdai msikilizaji afanye nini. Kwa kuwa masimulizi hayo hufanywa kwa Kiswahili na mamilioni ya watu, ni ajabu kwamba yameachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wanateolojia na wanasosholojia, kana kwamba hayana sanaa wala sarufi ya kuchunguzwa.

2.0 Mlokole: Neno na Safari Yake

Neno mlokole liliingia katika Kiswahili kutoka Kiganda, ambamo balokole ni watu waliookolewa. Lilisafiri pamoja na uamsho ulioanza katika Kanisa la Anglikana la Rwanda na Uganda. Mwaka 1929 daktari mmisionari Joe Church na Simeoni Nsibambi walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto uliowaka baadaye katika kituo cha Gahini, Rwanda, alikofanya kazi Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, ulienea Uganda, Kenya, Buhaya na kwingineko. Wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza uliimbwa na watu wasiokijua Kiganda, ukawa kitambulisho chao.

Uamsho huo haukuelekezwa kwanza kwa watu wasio Wakristo. Ulielekezwa kwa waliokwisha kubatizwa, wenye majina ya Kikristo na viti vyao kanisani, ambao kwa maoni ya walokole walikuwa na dini bila uzima. Kwa hiyo neno mlokole tangu mwanzo lilikuwa neno la kubagua: lilimtenga aliyeokoka na Mkristo wa jina tu. Uchungu wa ubaguzi huo ulionekana Mukono mwaka 1941, wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia, akiwamo William Nagenda, walipofukuzwa. Walokole waliona kanisa limepoa. Wakuu wa chuo waliona vijana wenye kiburi wanaojifanya mahakimu wa wenzao. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na hadi leo hazijaisha.

Jambo linalomhusu mwanaisimu ni kile kilicholipata neno lenyewe. Jina la kutenga kweli na bandia halichukui muda mrefu kabla halijavaliwa na wote. Ndiyo maana nchini Uganda, kufikia miaka ya 1970, lilitokea miongoni mwa walokole kundi la Bazukufu, yaani walioamka, waliowashutumu ndugu zao kwa kulala tena. Mkristo hakutosha, ikabidi awepo mlokole. Mlokole naye hakutosha, ikabidi awepo mzukufu. Katika Kiswahili cha leo, mlokole huweza kuwa sifa, utani au kejeli kutegemea anayelitamka, na mara nyingi humaanisha tu mtu asiyekunywa pombe na asiyekwenda dansini. Mfumuko huu wa majina unatufundisha jambo la kwanza: kipimo cha imani hakiwezi kuwa neno, kwa sababu neno halimzuii mtu yeyote kulitumia.

3.0 Okoka na Okolewa

Tuangalie kitenzi chenyewe. Kutokana na -okoa tunapata -okolewa katika kauli ya kutendwa na -okoka katika kauli ya kutendeka. Biblia za Kiswahili zinatumia zote mbili, lakini katika kinywa cha shahidi wa kanisani iliyotawala ni ya pili: nimeokoka. Chaguo hili lina matokeo ya kisarufi. Kauli ya kutendwa inamruhusu mtenda atajwe: nimeokolewa na fulani. Kauli ya kutendeka haimruhusu. Hatusemi nimeokoka na Yesu tukiwa na maana kwamba Yesu ndiye aliyeokoa. Na katika sentensi hiyo ingeashiria uandamani. Aidha, kiambishi -me- huonyesha tendo lililokamilika na hali yake kuendelea. Kwa hiyo nimeokoka ni tamko la hali. Linasema nilivyo, halisemi nani alinifanya hivyo, wala nini kimefuata. Abiria aliyetoka mzima katika ajali ya basi naye huweza kusema ameokoka.

Si kusudi langu kudai kwamba waumini wanapotumia kauli hii wanamsahau Mungu. Muktadha humtaja waziwazi. Kusudi ni kuonyesha kwamba tamko hilo, likiachwa peke yake, ni kama kichwa cha hadithi isiyosimuliwa. Linahitaji kujazwa, na ujazo wake ndio ushuhuda. Hapo ndipo tofauti tunayoitafuta inapojitokeza, kwa sababu tamko moja linaweza kujazwa kwa hadithi mbili zisizofanana kabisa.

Kiswahili kimetenganisha ushahidi na ushuhuda, ingawa yote yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Ushahidi hutolewa mahakamani, na anayeutoa huulizwa maswali. Ushuhuda hutolewa ibadani, na hadhira huuitikia kwa Amina. Neno shahidi lenyewe limebeba maana zote mbili na kuzidi, kwani waliouawa kwa ajili ya imani huko Buganda kati ya 1885 na 1887 tunawaita Mashahidi wa Uganda. Swali la uhakiki ni hili: ushuhuda ambao hakuna awezaye kuuhoji unathibitishwa na nini?

4.0 Ushuhuda wa Nafsi Tatu

Ushuhuda wa walokole wa mwanzo ulikuwa na mpangilio uliokaribia kuwa kanuni. Fanani alisimama, akasalimu kwa fomula ya kumsifu Bwana, akaitaja dhambi yake kwa jina, akaeleza jinsi alivyovunjika mbele ya Msalaba, kisha akaeleza alichofanya baadaye. Kipengele hiki cha mwisho ndicho chenye uzito. Kumbukumbu za uamsho huo zinawataja watu waliorudisha mali walizoiba, waliolipa madeni ya zamani, na wamisionari Wazungu walioungama kiburi chao mbele ya Waafrika. Kutembea nuruni, kama walivyouita mwenendo huo, kulimaanisha kwamba aliyekosewa alijulishwa.

Nimetunga mfano ufuatao kuwakilisha aina hiyo:

(1) Nilikuwa nimemwibia jirani yangu mbuzi. Yesu aliponiokoa, nilimrudishia na kumwomba radhi.

Katika mfano (1) kuna washiriki watatu, na kila mmoja ameacha alama katika vitenzi. Msimulizi ni ni-. Yesu ni kiima cha aliponiokoa, na hapo msimulizi amegeuka kuwa mtendwa. Jirani ni -m- katika nimemwibia, nilimrudishia na kumwomba. Tuzingatie kwamba -ibia na -rudishia zote ziko katika kauli ya kutendea. Kauli iliyotumika kumjeruhi jirani ndiyo inayotumika kumponya, kwa hiyo toba inapita njia ileile iliyopitwa na kosa, ikielekea upande mwingine. Na kwa kuwa jirani yupo, pengine ameketi katika ibada hiyohiyo, ushuhuda huu una sifa za ushahidi. Yupo mtu awezaye kusema mbuzi hajarudi.

Mfano wa Zakeo katika Injili ya Luka, sura ya 19, una muundo huo. Mtoza ushuru hatangazi hali yake ya kiroho. Anataja maskini watakaopewa nusu ya mali yake, na anataja waliodhulumiwa watakaorudishiwa mara nne. Yesu anautamka wokovu baada ya hao wengine kuingia katika sentensi.

Nafsi hii ya tatu iliwagharimu baadhi ya walokole maisha yao. Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, kuanzia mwaka 1952, wapo waliokataa kiapo cha Mau Mau na pia wakakataa kubeba silaha za serikali, kwa hoja kwamba hawawezi kumwaga damu ya ndugu wa upande wowote. Mtu anaweza kuupinga uamuzi wao kisiasa. Hawezi kusema kwamba imani yao ilikuwa ya maneno.

5.0 Ushuhuda Uliozimuliwa

Tulinganishe na mfano wa pili, ambao pia nimeutunga kwa kufuata mtindo unaosikika leo katika mikutano ya hadhara, redioni na katika televisheni:

(2) Sikuwa na kazi wala nyumba. Nikapanda mbegu, nikafunguliwa. Leo nimepewa gari na kiwanja.

Fomula za kufungulia na kufungia ni zilezile. Wokovu, baraka, upako na jina la Yesu vimo. Msikilizaji wa msamiati peke yake hawezi kuona badiliko. Lakini vitenzi vimebadilika. Nikafunguliwa na nimepewa viko katika kauli ya kutendwa bila mtenda kutajwa. Kauli ya kutendea yenye shamirisho la mtu mwingine haimo, wala -m- ya jirani haimo. Mahali alipokuwa jirani yamewekwa gari na kiwanja, na vitu hivyo sasa ndivyo vinavyofanya kazi ya ushahidi: asiyeamini atazame gari. Dhambi pia imetoweka, kwa maana hali ya mwanzo si kosa alilotenda msimulizi, ni ukosefu uliompata. Aliyekosewa hayupo, hivyo hakuna wa kuombwa radhi.

Tamathali ya mbegu inastahili uangalizi wa pekee. Kupanda mbegu, katika muktadha huu, ni kutoa fedha. Lau msimulizi angesema nilimpa mhubiri fedha, -m- ingejitokeza na hadhira ingejua nani alipokea. Sitiari ya kilimo inaiondoa -m- hiyo. Mbegu haipewi mtu, huwekwa ardhini, na ardhi haiulizwi imefanya nini nayo. Kwa hiyo sitiari moja inamficha mpokeaji, inaigeuza sadaka kuwa mtaji, na inamwachia mtoaji lawama iwapo mavuno hayakuonekana: hakupanda vya kutosha, au alipanda kwa mashaka. Mtu aliyeuza shamba lake kwa matumaini hayo hurudi nyumbani akiwa amepoteza mali na pia haki ya kulalamika, kwa kuwa lugha aliyofundishwa haina kitenzi cha kumshtakia.

Hii ndiyo maana ninasema imani iliyozimuliwa, na si imani kinyume. Anayezimua kinywaji hakimwagi. Hukiongezea maji, rangi ikabaki inakaribiana na ya mwanzo huku ukali ukipotea. Ukali uliopotea hapa ni dai la jirani.

6.0 Kioi na Shamba la Kiguunda

Fasihi andishi iliwahi kuliona jambo hili kabla ya injili ya mafanikio kushamiri. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, inayojulikana kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda, iliigizwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, ikapigwa marufuku, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo. Imesomwa mara nyingi kama shambulio dhidi ya Ukristo, na mhusika Gĩcaamba anatoa sababu za kuisoma hivyo. Naona usomaji huo umeacha jambo muhimu nje.

Kiguunda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu, na hati ya shamba hilo ameitundika ukutani. Mwajiri wake tajiri na mkewe, Wakristo wenye heshima, wanamtembelea kumshauri afunge ndoa kanisani ili atoke katika dhambi. Ili kugharimia harusi, Kiguunda anachukua mkopo wa benki kwa kuliweka shamba rehani. Mwishowe anapoteza kazi, shamba linanadiwa, na tajiri yuleyule analipata. Tajiri huyo anaitwa Ahab Kĩoi, na mkewe anaitwa Jezebel.

Majina hayo ni ufunguo. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21, mfalme Ahabu analitamani shamba la mizabibu la Nabothi, na mkewe Yezebeli anampatia. Njia anayoitumia ni ya kidini na ya kisheria: anaagiza mfungo utangazwe, kisha wanaletwa mashahidi wa uongo. Nabothi anauawa kwa jina la Mungu, na Ahabu anateremka kulimiliki shamba. Waandishi wa tamthilia wamemhukumu Kioi kwa kitabu anachokibeba Kioi mwenyewe. Iwapo Ukristo wote ungekuwa hila kwao, wasingehitaji kipimo kutoka Biblia, na hadhira ya Limuru isingehitaji kukitambua.

Tukirudi kwenye sarufi yetu, Kioi anazungumza sana kuhusu dhambi, lakini dhambi anayoiona ni ile isiyomhusisha yeye na mtu yeyote: hali ya ndoa ya kibarua wake. Mshahara anaomlipa Kiguunda na ardhi anayoinyemelea havimo katika ushuhuda wake. Jirani aliyekosewa ameketi mbele yake, na bado hayumo katika sentensi zake. Huo ndio ubandia, nao ungekuwa ubandia hata kama Kioi angeamini kila neno analolitamka.

7.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba hata ushuhuda wa nafsi tatu unaweza kughushiwa. Ni kweli. Kuungama hadharani kuliwahi kugeuka majivuno, na wapo waliozitaja dhambi za zamani kwa madoido kuliko walivyozijutia. Isitoshe, kuitaja dhambi iliyomhusisha mwingine, hasa mwanamke, kuliweza kumuaibisha asiyetaka kutajwa. Kipimo kinachopendekezwa hapa hakimhakikishii mtu kwamba msimulizi ni mkweli. Kinachofanya ni kuuweka ushuhuda mahali unapoweza kukanushwa, na hilo ni zaidi ya linalofanywa na gari lililoegeshwa nje ya kanisa.

Pingamizi la pili ni kwamba kumshukuru Mungu kwa mali si kosa, na maskini aliyepata kazi ana haki ya kuimba. Nakubali bila sharti. Zaburi zimejaa shukrani, na kisa cha Ayubu kinaishia kwa mali maradufu. Lakini kisa hicho kinaweka wazi wakati wa kurejeshwa kwake: ni alipowaombea rafiki zake, walewale waliomsema vibaya. Hata hapo nafsi ya tatu imetangulia. Shukrani inazimuliwa pale baraka inapokuwa mwisho wa masimulizi, asibaki mtu anayengoja chochote kutoka kwa aliyebarikiwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba imani ya Kikristo iliyo hai na ile iliyozimuliwa hutumia kamusi moja, na kwamba anayetaka kuzitofautisha hana budi kusikiliza nafsi na kauli za vitenzi. Mfumuko wa majina kutoka Mkristo hadi mlokole hadi mzukufu umeonyesha kwamba majina hayatoshi. Kulinganisha mifano miwili ya ushuhuda kumeonyesha kwamba kinachopotea ni jirani, na tamthilia ya Kamĩrĩĩthũ imeonyesha kinachompata jirani huyo akishapotea: huondokewa na shamba.

Kiswahili chenyewe kinaonya. Neno imani limetoka katika mzizi mmoja na amini, uaminifu na amana, na amana ni kitu cha mwingine kilichowekwa kwako hadi atakapokijia. Dini na deni nayo yanashiriki konsonanti zilezile za Kiarabu. Asili ya neno si hoja ya kiteolojia, na lugha haifundishi katekisimu. Hata hivyo mzungumzaji wa Kiswahili anaposema nina imani, maneno jamaa yanamkumbusha kwamba kuna mtu anayemdai. Utafiti zaidi unahitajika kwa kurekodi shuhuda halisi, kwa idhini ya wanaozitoa, katika madhehebu na maeneo mbalimbali, ili dai hili lipimwe kwa data pana. Kwa sasa, anayesikia nimeokoka anaweza kuitikia Amina kama desturi inavyotaka, kisha akasubiri kusikia kama kuna aliyerudishiwa chochote.